Glukosi ya Unga kwa Sukari Inayoshuka: Tathmini ya Mtumiaji wa Insulini

Glukosi ya unga inayouzwa katika famasi na maduka makubwa ya Uganda, ile ya pakiti ya karatasi ngumu yenye mfuko wa plastiki ndani, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kisukari. Pakiti imepambwa kwa picha ya mwanamichezo au mtoto anayeruka, maandishi yake yanasifu nguvu na uchangamfu, na wanunuzi wake wakubwa ni wazazi wanaopeleka watoto shule za bweni, watu wanaomuuguza mgonjwa asiyekula vizuri, na familia za Kiislamu zinazotayarisha kinywaji cha kufuturu. Hata hivyo mimi, ninayejidunga insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) asubuhi na jioni na kusafiri mara kwa mara kati ya Arua na Kampala kwa biashara ya vitenge, sijapata kitu kingine cha kununua madukani humu nchini kinachoirudisha juu sukari iliyoshuka kama unga huu. Kwa sababu hiyo nitaupima hapa kama dawa ya dharura, wala si kama kiburudisho, na kwa kipimo hicho una sifa kubwa moja na kasoro kadhaa ambazo mtengenezaji angeweza kuziondoa bila gharama ya maana.

Kazi inayotakiwa ni hii. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, ambayo kwenye mashine nyingine husomeka miligramu 70 kwa desilita, mtu mwenye kisukari anapaswa kula au kunywa takriban gramu 15 za wanga unaoingia haraka kwenye damu, kusubiri dakika 15, kupima tena, na kurudia ikiwa bado iko chini. Mtoto hupewa kwa uzito wake, yapata gramu 0.3 kwa kila kilo, hivyo mtoto wa kilo 30 anahitaji gramu 9 hivi. Ikishuka chini ya 3.0, yaani miligramu 54, ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula: maneno yanagongana, macho hayaoni sawasawa, na mtu anaweza kukasirika na kukataa kile hasa anachokihitaji. Kwa hiyo bidhaa ya kazi hii haiwezi kuhukumiwa na mtu aliyetulia mezani kwake. Inapaswa kuhukumiwa kwa mkono unaotetemeka, jasho linalotiririka na akili isiyoweza kupiga hesabu.

Sifa kubwa ya glukosi ni kwamba ndiyo sukari yenyewe inayopungua katika damu, kwa hiyo haina safari ya kubadilishwa kwanza. Sukari ya kawaida ya chai ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Utumbo huivunja vipande viwili, na ile nusu ya fruktosi huenda kwenye ini bila kuipandisha sana sukari ya damu kwa wakati huo. Sukari ya chai inafaa, nami nisingeikataa mahali ambapo hakuna kingine, lakini kwa gramu zile zile glukosi ina nguvu zaidi. Wako wanaoiweka shavuni wakiamini kwamba itaingia kwenye damu kupitia ufizi. Kiasi kinachopita mdomoni ni kidogo mno. Glukosi hufanya kazi ikishamezwa na kufika kwenye utumbo, kwa hiyo imezwe, na ni afadhali imezwe pamoja na maji, kwa sababu unga mkavu katika koo la mtu anayehema haraka humfanya akohoe na kuutawanya.

Kasoro ya kwanza, na ndiyo inayoniudhi zaidi, ni ufungaji. Ukifungua mdomo wa pakiti unakutana na mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto kutoka ncha hadi ncha, usio na mkato wa kuanzia. Mtu mwenye afya hutumia mkasi. Mtu ambaye sukari yake imeshuka hutumia meno, na mfuko ukikubali hupasuka ubavuni, nusu ya unga ikaishia kwenye gauni. Ukishafunguliwa haufungiki tena. Katika unyevunyevu wa msimu wa mvua, unga huvuta maji ya hewani na baada ya muda hushikana kuwa mabonge magumu ambayo kijiko cha plastiki hakiyavunji, na sisimizi huipata njia ya kuufikia hata ukiuficha ndani ya kabati. Aina ya kopo la bati lenye kifuniko hustahimili zaidi nyumbani, lakini hakuna anayetembea na kopo mkobani.

Dawa ya kasoro hii nimeipata katika vile vifuko vidogo vya plastiki vyenye mdomo wa kubana ambavyo famasi huwekea vidonge. Muuza dawa akikufahamu, atakuuzia kadhaa kwa bei ndogo. Siku ambayo sukari yangu iko sawa na mikono imetulia, ninapima unga kwa mizani ya jikoni, ninajaza kifuko kimoja kwa dozi moja, ninakiandika kwa kalamu ya wino mzito, na kuvigawa: viwili mkobani, kimoja kwenye meza ya biashara, kimoja kando ya mto wa kulalia ndani ya chandarua. Kidole gumba na cha shahada vinatosha kukifungua, hata gizani. Asiye na mizani anaweza kutumia kijiko kikubwa cha chakula, ila akumbuke kwamba kijiko kilichosawazishwa hubeba kama gramu 10 tu, na gramu 15 ni kijiko kilichorundikwa kidogo. Jambo moja dogo kwa wanaopenda usahihi: glukosi nyingi za pakiti huwa zimeshikamana na maji kwa kiasi cha asilimia 9 ya uzito wake, kwa hiyo ili upate gramu 15 kamili za glukosi unahitaji gramu 16 na nusu za unga. Tofauti hiyo haimwangushi mtu, lakini ni sababu ya kutokuwa bahili na kijiko.

Kasoro ya pili haiko ndani ya pakiti bali kaunta, na hapa silaumu duka lolote maalumu kwa kuwa nimeyasikia maneno hayo hayo mjini Arua na pia Wandegeya, ambako famasi zimepangana karibu na hospitali ya Mulago. Unanunua sindano za insulini, kisha unaomba glukosi, na kijana aliye kaunta anasita.

“Mama, hii glukosi ni ya nani?”

“Ni yangu, mwanangu.”

“Lakini mama, si wewe una sukari? Hii itakuua.”

Anayasema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayowafanya wengi wetu tuwekewe kinywani chai isiyo na sukari wakati tunatetemeka, kwa kuwa jamaa wa nyumbani wameshika jambo moja tu, kwamba mgonjwa wa sukari haruhusiwi sukari. Pakiti ingebeba mstari mmoja kuhusu sukari inayoshuka, ingewaelimisha watu wa kaunta na watu wa nyumbani kwa pamoja. Kosa la pili la kaunta ni la kuchanganya pakiti: glukosi na chumvichumvi za kutibu kuhara hukaa kwenye rafu moja, na mteja aliyesema “glukosi ya kuchanganya na maji” anaweza kupewa chumvichumvi. Pakiti nzima ya chumvichumvi kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi, lakini imekusudiwa kuchanganywa na lita nzima ya maji. Glasi moja ya mililita 200 inakupa pungufu ya gramu 3, pamoja na chumvi usiyoihitaji. Kwa mtoto anayeharisha ni dawa bora. Kwa sukari iliyoshuka ni kupoteza dakika.

Mshindani wa kweli wa glukosi humu nchini ni soda. Ninaiheshimu, kwa sababu inapatikana hata pale ambapo famasi ya karibu iko mbali, na haihitaji kuchanganywa na kitu. Kola ya kawaida ina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, hivyo nusu ya chupa ya kioo ya mililita 300 inakaribia kabisa dozi inayotakiwa. Lakini ina mitego. Chupa ya kioo inataka kifungulio, na muuzaji hakubali uondoke nayo, kwa hiyo utainywa umesimama pale pale dukani. Nusu nyingine inakutazama, na mwili ulioshikwa na njaa ya sukari kushuka haujui kuacha nusu. Ukimaliza yote, na juu yake ukala mandazi, baada ya saa mbili mashine itakusomea 15 na zaidi, na hapo ndipo watu wanapoanza kuongeza insulini na kuanguka tena. Mtego mkubwa zaidi ni soda isiyo na sukari, ambayo chupa yake hufanana na ile nyingine kwa rangi na umbo. Haipandishi chochote.

Tena viwango vya sukari katika vinywaji hubadilika bila mnywaji kuarifiwa ipasavyo. Mwaka 2017 nchini Uingereza, Lucozade Energy, kinywaji ambacho watu wengi wenye kisukari walikuwa wakikitegemea kwa ajili ya sukari iliyoshuka, kilipunguziwa wanga kutoka gramu 17 hadi kama gramu 9 kwa mililita 100, na waliozoea kunywa kipimo cha zamani wakawa wanapata nusu ya dawa. Kilichotokea huko kinaweza kutokea popote, kwa hiyo anayetegemea kinywaji asome nyuma ya chupa kila mara, hata kama ni kinywaji alichokizoea tangu utotoni. Unga wa glukosi hauna mtego huo mradi jina la kiungo lililoandikwa ni glukosi au dekstrozi (jina jingine la glukosi) peke yake. Zile zenye ladha ya machungwa au ndimu mara nyingine huchanganywa na sukari ya kawaida, nami ninaziacha.

Vyakula vingine ninavyoviona vikipendekezwa nitavipitia haraka. Asali hufanya kazi kama sukari ya chai, ila inamwagika. Pipi ngumu huchukua muda mrefu kuyeyuka. Ndizi mbivu, gonja (aina ya ndizi) ya kuchoma na muhogo ni vya baadaye, sukari ikishapanda, ili isishuke tena kabla ya mlo. Rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, haifai kabisa kwa dakika za mwanzo, kwa sababu mafuta ya chapati na mayai huchelewesha tumbo kuachia wanga. Ndivyo ilivyo chokoleti na keki pia. Wanaosema “kula tu kitu” wanamaanisha vyema, lakini kitu hicho kina mpangilio wake: kwanza cha haraka, halafu cha kukaa.

Nimeujaribu unga huu zaidi ndani ya basi, kwa kuwa barabara ya Arua hadi Kampala ndiyo adui wa ratiba ya insulini. Insulini ya mchanganyiko ya 30/70 inayodungwa asubuhi bado hufanya kazi kwa nguvu saa za mchana, na inadai chakula cha mchana kiliwe wakati wake, ilhali dereva ana ratiba yake mwenyewe. Wauzaji wa Karuma na Kafu hukimbilia madirishani na nyama ya kuchoma, gonja na soda, lakini basi likiharibika katikati ya pori hakuna dirisha la kukimbilia. Hapo kifuko cha gramu 15 na chupa ndogo ya maji vinatosha. Nimekifungua bila kuinuka kitini na bila kumwomba jirani msaada, nikamimina ndani ya chupa yenye maji robo, nikatikisa, nikanywa. Joto la ndani ya basi haliuharibu unga kama linavyoiharibu insulini iliyo kando yake. Kwa kawaida kutetemeka hupungua ndani ya hizo dakika 15, na kichwa hutulia kidogo baadaye. Ladha yake ni ya utamu uliopoa, wenye ubaridi kidogo kwenye ulimi, si ya kuvutia. Na hiyo kwangu ni faida, kwa sababu hakuna mtoto nyumbani anayeiba kifuko mara ya pili, wala mimi sina hamu ya kuongeza.

Unga huu hauna maana bila mashine ya kupimia, na hapo inafaa kujua mipaka ya mashine. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu, kwa sukari iliyo chini ya milimoli 5.55, majibu yapishane na yale ya maabara kwa hadi 0.83 kwenda juu au chini, na hata hivyo majibu 5 katika kila 100 yanaweza kutoka nje ya mpaka huo. Maana yake ni kwamba mashine nzuri kabisa ikikuonyesha 4.2, ukweli unaweza kuwa 3.4. Mwenye dalili atumie glukosi bila kubishana na namba. Kinyume chake pia hutokea: aliyetoka kumenya embe au fenesi akajipima bila kunawa mikono hupata namba ya juu ya uongo, na anaweza kuahirisha dozi aliyoihitaji.

Sasa mipaka ya bidhaa yenyewe, ambayo pakiti haisemi neno juu yake. Glukosi ya unga ni ya mtu anayeweza kumeza. Aliyepoteza fahamu au anayepatwa na degedege asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe mara moja kituo cha afya akawekewe dekstrozi kwenye mshipa. Kuna sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kwa ajili ya hali hiyo, na tangu mwaka 2019 Marekani iliidhinisha ya kupuliziwa puani, lakini katika famasi ninazozifahamu mimi si kitu cha kuingia na kununua, kwa hiyo sitaipendekeza kana kwamba ipo kwenye rafu. Wanaotumia vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide, hasa wazee na wenye figo dhaifu, wajue kwamba sukari iliyopandishwa kwa kifuko kimoja inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, kwa kuwa kidonge kinaendelea kufanya kazi. Mtu huyo asiachwe alale peke yake, na inafaa aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, peke yake kwa kawaida haishushi sukari kiasi hicho. Waragi na pombe nyingine hulizuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na athari huja usiku wakati harufu ya pombe inawafanya watu wadhani mgonjwa amelewa tu.

Malaria nayo iwekwe katika hesabu, kwa kuwa tunaishi nayo. Homa huondoa hamu ya kula huku insulini ikiendelea, malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini, dawa ya malaria, huichochea kongosho kutoa insulini zaidi. Kwa mgonjwa wa kisukari aliye na malaria, vifuko vinapaswa kuwa karibu na kipimo kifanywe mara nyingi kuliko kawaida, na mwuguzi aambiwe mapema kwamba mgonjwa anatumia insulini.

Katika mwezi wa Ramadhani, ambapo hapa kwetu kwenye ikweta saumu huwa ya saa 13 na nusu hivi kila mwaka, kifuko hukaa mkobani mchana kutwa. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema aliyeshuka chini ya milimoli 3.9 afungue saumu wakati huo huo, hata kama jua linakaribia kuzama, na kwamba kujipima damu hakubatilishi saumu. Nimewasikia mashehe wetu wakilisema hilo pia. Kwa kufuturu, unga huo huo unaotiwa kwenye jagi la familia si wa mgonjwa ambaye sukari yake haijashuka, na hapa ninakubaliana na yule kijana wa kaunta.

Kwa bei, pakiti ndogo ya gramu 100 hainigharimu zaidi ya sahani ya chakula cha mchana katika hoteli ya kawaida ya Kampala, nayo inatoa vifuko 6. Vidonge vya glukosi vya kutafuna, ambavyo huko ng'ambo huuzwa vikiwa vimepimwa gramu 4 kila kimoja, vingekuwa bora kwa urahisi wa kuhesabu, na nduguye rafiki yangu huniletea akirudi kutoka Nairobi au mbali zaidi. Lakini siwezi kuitegemea dawa ya dharura inayosubiri mtu asafiri. Ninaupa unga huu alama 4 kati ya 5 kwa kazi yake na alama 1 kati ya 5 kwa mfuko wake. Kiwanda kitakachouza vifuko vya gramu 15 vyenye mkato wa kuraruliwa kwa vidole, na maelezo mafupi kwa Kiswahili na Kiganda, kitanipata mteja wa kudumu. Mpaka hapo, ukienda kununua, tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, bonyeza pakiti kwa kidole ili usikie kama unga bado ni laini, na kabla hujatoka famasi omba vifuko vitupu vya vidonge.